Nimepata mavuno ya asilimia 129 maabara, ticha kanipa sifuri. Kosa liko wapi?

Mtoto wa Bika (mleta uzi) #1
Wakuu, habari za jioni. Niko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na biolojia). Juzi tulifanya jaribio la kutengeneza fuwele za salfeti ya shaba. Unapasha moto asidi ya salfuriki, unatia unga mweusi wa oksidi ya shaba, unachuja, unachemsha kupunguza maji, unaacha fuwele zijitengeneze zenyewe. Zangu zilitoka bluu ya kuvutia, kila mtu akaja kuzitazama. Nikapima, gramu 5.15. Nikapiga hesabu, mavuno asilimia 129. Ticha kaandika kwa wino mwekundu: "Umeumba mata?" Sifuri. Sasa darasa zima wananiita Muumba.

Swali la pili. Binamu yangu anasoma Uingereza, anasema kwao mtihani wa kemia una kitu kinaitwa uchumi wa atomi, na kwamba hata ukipata mavuno 100 kamili unaweza kuwa umetupa nusu ya mali. Inawezekanaje?

Kiroboto #2
Nimekaa paleee na karanga zangu, nasubiri wataalamu.

Mzee wa Fomula #3
Fuwele zilikuwa mbichi. Nimefundisha kemia miaka kumi na tisa, na kila mwaka lazima atokee Muumba mmoja. Wanafunzi wana haraka ya kwenda kula, wanapima fuwele na maji yake. Mavuno yakizidi 100, tafuta maji.

Dada Titresheni #4
Mzee wa Fomula, shikamoo, lakini usimhukumu mtoto kabla ya kuona hesabu. Mtoto wa Bika, weka namba zote hapa: asidi kiasi gani, oksidi gramu ngapi, na uligawanya kwa uzito gani wa molekuli.

Mtoto wa Bika #5
Asante dada. Asidi sentimita za ujazo 25, chupa imeandikwa 1.0 moli kwa lita. Oksidi gramu 2.5, tuliambiwa iwe ya ziada. Uzito wa salfeti ya shaba nilitumia 159.5. Moli 0.025 mara 159.5 nikapata 3.99. Halafu 5.15 gawanya kwa 3.99, ndiyo hiyo 129.

Dada Titresheni #6
Mwizi kapatikana. 159.5 ni salfeti kavu isiyo na maji, ile nyeupe. Wewe umesema zako ni bluu. Bluu maana yake kila molekuli imekumbatia maji matano ndani ya fuwele, na hayo si ubichi, ni sehemu ya fuwele yenyewe. Uzito wake ni 249.5. Kwa hiyo ulichotarajiwa kupata ni 0.025 × 249.5 = gramu 6.24. Gawanya 5.15 kwa 6.24, unapata asilimia 82.6. Hujaumba kitu, ulisahau tu kuyahesabu maji.

Kiroboto #7
Kesi imefungwa mapema hivi? Karanga zangu hata nusu sijafika.

Punda wa Maabara #8
Haijafungwa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, shule sitaitaja. Asilimia 82 kwa mtoto anayefanya mara ya kwanza ni nyingi mno. Kwa joto la nyuzi 20, gramu 100 za maji hushika takriban gramu 32 za fuwele hizi, na joto likiwa juu zaidi yanashika zaidi. Ukishamaliza huwa unamwaga yale maji ya bluu yaliyobaki, na ndani yake kuna mali yako. Mleta uzi, ulimwaga kiasi gani?

Mtoto wa Bika #9
Tuliacha dirishani siku mbili. Yalibaki kama vijiko viwili vya chai, tukamwaga.

Punda wa Maabara #10
Vijiko viwili ni kama sentimita 10. Hapo umemwaga zaidi ya gramu 3. Ukitoa kwenye 6.24 inabaki gramu 3 hivi. Sasa hiyo 5.15 imetoka wapi? Gramu 2 hazina maelezo. Mzee wa Fomula ana haki yake: zilikuwa mbichi pia.

Mzee wa Fomula #11
Marahaba Dada Titresheni, na asante Punda. Nilisema.

Mwana Kindakindaki #12
Samahanini, tusikimbilie namba kabla ya lugha. "Mavuno" ni ya shambani. Mimi ningeliita zao: zao tarajiwa, zao halisi, na asilimia ya zao. Na "uchumi wa atomi" ni tafsiri ya mkato, atomi hazina benki. Kinachosemwa pale ni ubanaji wa atomi, jinsi usivyozipoteza.

Mtumbatu #13
Mwana Kindakindaki, mavuno ni sawa tu. Mkulima anajua gunia ngapi alitarajia na ngapi kavuna, na zilizobaki zimeliwa na nyani. Maabara nayo ina nyani wake.

Mie nataka kusema jambo kuhusu chokaa. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe juu, tanuu linaungua usiku kucha. Mwalimu wetu alitufundishia hapo hapo. Jiwe ni kaboneti ya kalsiamu, uzito 100. Likiungua inabaki oksidi, 56, na gesi ya kaboni 44 inapaa na moshi. Kwa hivyo kilo 100 za mawe haziwezi kukupa zaidi ya kilo 56 za chokaa mbichi hata uchome kwa ufundi wa namna gani. Hapo ndipo ulipo uchumi wa atomi, yaani sehemu ya uzito wa vinavyoingia inayokuwa bidhaa unayoitaka: asilimia 56. Binamu yake mleta uzi kasema kweli, mavuno 100 na bado karibu nusu ya jiwe imekwenda mbinguni.

Mtoto wa Bika #14
Mtumbatu, hapo nimeelewa kuliko daftari lote. Yaani mavuno yanapima ufundi wangu, na uchumi wa atomi unapima mmenyuko wenyewe hata kabla sijawasha moto?

Mtumbatu #15
Ndo hivyo hivyo. Lakini sikiliza kituko. Chokaa mbichi haiuzwi vile. Unaimwagia maji, inatokota, inavimba, inakuwa unga. Kila 56 inanywa maji 18 inakuwa 74. Tuseme kwa mfano babu kapima kilo 70 za unga kutoka mawe kilo 100. Ukigawanya kwa 56 unapata asilimia 125, naye anakuwa Muumba. Ukigawanya kwa 74 ni karibu 95. Kosa lile lile la mrututu wa mleta uzi, maji yamesahaulika kwenye hesabu.

Kiroboto #16
Mrututu ndio nini?

Mkahawa wa Rombo #17
Vijana! Mrututu ndiyo hiyo salfeti ya shaba mnayoizungumzia tangu juzi. Wazee wetu waliijua kabla ya hizo moli. Unayeyusha mrututu, unachanganya na maji ya chokaa, unapata dawa ya ukungu ya kupulizia mimea. Wafaransa wa Bordeaux walianza kuitumia kwenye zabibu karne ya 19. Kwa hiyo kumbe Mtoto wa Bika na babu yake Mtumbatu wote wawili walikuwa wanatengeneza dawa moja, kila mtu nusu yake.

Ila mleta uzi usiilambe, ni sumu.

Mtumbatu #18
Mkahawa umenifurahisha. Nirekebishe kidogo bandiko langu: kule kwetu chokaa haikupimwa kwa kilo, ilipimwa kwa debe. Na kwa debe babu alikuwa anapata faida maradufu, maana ikimwagiwa maji inavimba mpaka debe moja linajaza mawili na ushei. Hizo kilo 70 ni mfano tu. Na mawe mengine huwa hayaivi katikati, ukilipasua unakuta kiini kigumu. Hicho nacho kinaongeza uzito lakini si chokaa.

Mama Sabuni #19
Mimi natengeneza sabuni za mche nyumbani, kemia niliishia kidato cha nne, ila hili la kitu kisichohitajika linanisumbua. Mafuta yakikutana na magadi makali, unapata sabuni na gliserini. Binti yangu alinifanyia hesabu ya mafuta aina ya tristearini: mafuta 890, soda kali 120, jumla 1010. Sabuni 918, gliserini 92. Anasema uchumi wa atomi ni asilimia 90.9. Nikamwambia mwanangu, mimi gliserini siitoi! Inabaki humo humo ndani ya sabuni na wateja wanaisifia kwamba haikaushi ngozi. Sasa yangu si 100?

Mzee wa Fomula #20
Kwa mtihani andika 90.9. Kwa biashara yako, andika unavyotaka.

Dada Titresheni #21
Mzee wangu hapana, Mama Sabuni kauliza swali zito. Hebu turudi kwa mleta uzi. Oksidi ya shaba 79.5 na asidi 98, jumla 177.5. Unapata salfeti 159.5 na maji 18. Uchumi wa atomi 89.9. Lakini unachotaka wewe ni fuwele za bluu, na zile zinahitaji maji matano. Moja linatoka kwenye mmenyuko wenyewe, manne yanatoka kwenye bika. Ukiandika mlinganyo wote: 79.5 + 98 + 72 = 249.5. Fuwele ni 249.5. Asilimia 100! Hakuna atomi iliyotupwa.

Mtoto wa Bika #22
Subiri kwanza. Jaribio moja, bika moja, na uchumi wa atomi ni 90 au 100 kutegemea nimeandika mlinganyo upi?

Dada Titresheni #23
Ndiyo. Na ungetumia kaboneti ya shaba badala ya oksidi ingekuwa 72 kwa salfeti isiyo na maji, maana gesi ya kaboni inapaa. Wapo wanaotumia shaba yenyewe na asidi kali ya moto, inatoka gesi ya salfa inayokaba koo, na hesabu inashuka mpaka 61.5. Bidhaa ni ile ile, njia tatu.

Mzee wa Fomula #24
Mimi sikubaliani na hiyo 100. Maji ya bika ni kiyeyushi, hayahesabiwi.

Dada Titresheni #25
Yakiingia kwenye fuwele yamekuwa kitendanishi, yaani sehemu ya mmenyuko. Hata kwenye ile 249.5 ya fuwele yamehesabiwa.

Mzee wa Fomula #26
Mtihani haukuulizi hivyo.

Kiroboto #27
Karanga zimeisha, nafuata maji. Ya kunywa, si ya fuwele.

Mjukuu wa Magadi #28
Hamjambo wadau. Natokea Kajiado, Kenya, na nimesoma uzi wote nikingoja mtu ataje ziwa letu. Magadi ghafi ya Ziwa Magadi ni trona: soda (kaboneti ya sodiamu), soda ya keki na maji vimeshikana. Ukiyachoma unapata soda ya kutengenezea glasi. Mbili za trona ni 452, soda inayotoka ni 318, iliyobaki ni mvuke na gesi ya kaboni. Asilimia 70.4. Wale wasio na ziwa kama letu hutumia njia ya Mbelgiji Ernest Solvay, ya karne ya 19: chumvi na mawe ya chokaa. Ukijumlisha hatua zote ni 217 inaingia, soda 106 inatoka. Asilimia 48.8, na nyingine yote ni kloridi ya kalsiamu ambayo soko lake ni dogo. Mungu alitufanyia hatua nyingi bure.

Mkahawa wa Rombo #29
Hayo ya kuchemshia makande?

Mjukuu wa Magadi #30
Hayo hayo, mzee. Mavuno ya makande ni 100, hakuna kinachobaki sufuriani.

Mlevi Mstaarabu #31
Naomba niulize kwa niaba ya rafiki. Sukari ikichachuka inakuwa pombe, sivyo? Uchumi wake ukoje?

Dada Titresheni #32
Mwambie rafiki yako: glukosi 180 inatoa ethanoli 92 na gesi ya kaboni 88. Asilimia 51.1. Lile povu la mnazi ni nusu ya sukari inaaga. Viwanda vya mafuta vinatengeneza ethanoli kwa kuunganisha etheni na mvuke, hapo ni 100 kamili.

Mama Sabuni #33
Na mwenye kuumua mikate je? Yeye ile gesi ndiyo anayoitaka, pombe ndiyo takataka, inaishia kwenye moto. Kwake uchumi wa atomi ni 48.9! Hamira ile ile, mmenyuko ule ule.

Kiroboto #34
Mama Sabuni apewe shahada leo leo.

Jini la Kopo #35
Mnazunguka. Ni rahisi: uchumi wa atomi ukiwa 100 basi mavuno nayo ni 100, kwa sababu hakuna kinachopotea. Aliyeanzisha hili, Barry Trost wa Stanford, alipewa Nobeli.

Punda wa Maabara #36
Jini, yote mawili si kweli. Trost aliandika kuhusu uchumi wa atomi kwenye jarida la Science mwaka 1991, na mwaka 1998 akapewa tuzo ya Marekani ya kemia ya kijani inayotolewa kwa jina la rais wao. Nobeli ya hilo hakupewa. Na hilo la mavuno, angalia amonia ya Fritz Haber: naitrojeni na haidrojeni zinaungana, hakuna bidhaa nyingine yoyote, uchumi wa atomi 100. Lakini gesi zikipita mara moja kwenye kichocheo ni kama asilimia 15 tu zinazogeuka. Viwanda vinaipooza amonia iwe kimiminika, zilizobaki vinazirudisha ndani tena na tena. Hiyo ethanoli ya etheni ndiyo mbaya zaidi, kila mzunguko ni kama asilimia 5.

Jini la Kopo #37
Sawa, nimekaa chini. Lakini kama vinarudisha mpaka zinaisha, mavuno mwisho wa siku si yanakaribia 100?

Punda wa Maabara #38
Yanakaribia, ndiyo. Umeme wa kusukuma gesi ndio unaolipia. Na huo hauonekani kwenye hesabu yoyote kati ya hizi mbili.

Mtumbatu #39
Kama magogo ya babu. Hesabu ya 56 haikutaja hata gogo moja, na mikoko mingapi imeungua? Moshi wa kuni nao ni gesi ya kaboni ile ile.

Mfamasia wa Kona #40
Salaam. Kwenye dawa ndiko kulikoleta kelele zote hizi. Ibuprofeni mnayomeza ilibuniwa na Boots ya Uingereza miaka ya 1960, kwa hatua sita, uchumi wa atomi kama 40. Yaani zaidi ya nusu ya uzito wa vitendanishi haikuwa dawa. Baadaye ikapatikana njia ya hatua tatu, 77, kiwanda kikafunguliwa Bishop, Texas, mwaka 1992. Na asidi ya siki inayotoka pembeni ikikusanywa na kutumika, wanasema inafika 99. Hapo Mama Sabuni ana hoja tena: kinachotoka pembeni kikipata mnunuzi, kinaacha kuwa takataka.

Kuhusu kuni na viyeyushi, Roger Sheldon alikuja na kipimo kingine: kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa, viyeyushi vikihesabiwa. Viwanda vya dawa huangukia 25 mpaka 100 na zaidi. Kilo mia za taka kwa kilo moja ya vidonge.

Mzee wa Fomula #41
Vipimo vitatu sasa. Mtoto ana mtihani.

Mtoto wa Bika #42
Ticha Mzee wa Fomula niko sawa, nasoma tu. Ila Punda wa Maabara, zile gramu 2 zisizo na maelezo zinaninyima usingizi.

Punda wa Maabara #43
Nami pia. Niambie: baada ya kuchuja, unga mweusi uliobaki kwenye karatasi ulikuwa mwingi?

Mtoto wa Bika #44
Kidogo sana. Kama vumbi.

Punda wa Maabara #45
Haa! Asidi ya moli 0.025 inakula oksidi gramu 1.99 tu. Wewe ulitia 2.5. Nusu gramu ilitakiwa ibaki, na nusu gramu ya unga ule mweusi inaonekana vizuri, si vumbi. Ama ulipita kwenye karatasi iliyotoboka ukaingia kwenye fuwele, ama asidi ilikuwa kali kuliko chupa inavyosema. Kama oksidi yote ililiwa, tarajio lako ni gramu 7.85, na mavuno yako ni 65.6. Ukitoa gramu 3 ulizomwaga, 5.15 inakaribia kueleweka bila kumsingizia mtu ubichi mwingi.

Dada Titresheni #46
Punda, unasema kwamba aliyechanganya asidi alikosea? Hao si ni mafundi wenzako?

Punda wa Maabara #47
Nimesema *ama*. Na sisi huwa tunachanganya lita tano asubuhi huku madarasa matatu yanagonga mlango.

Mzee wa Fomula #48
Mimi nabaki kwenye maji. Fuwele zilikaushwaje?

Mtoto wa Bika #49
Tulizifuta kwa karatasi ya kuchujia, mara mbili. Chembe nyeusi sikuziona, ila sikuzitafuta.

Mwana Kindakindaki #50
Naona kwenye mabandiko yenu fuwele zilezile zimeshapewa zao la asilimia 129, 82.6 na 65.6. Ningekuwa mleta uzi ningedai alama kwa kila moja.

Jini la Kopo #51
Na ukitumia oksidi gramu 2.5 pamoja na ile 159.5 inatoka 102.7. Nimejaribu. Ticha angekupa sifuri ndogo.

Dada Titresheni #52
Dawa ni moja: pima, acha zikauke kwenye hewa, pima tena, mpaka uzito usibadilike. Usizipashe moto mkali, zitakuwa nyeupe tuanze upya. Fuwele ziko wapi sasa?

Mtoto wa Bika #53
Hapo ndipo penye tatizo. Tulioshirikiana naye alizichukua kwa sababu ni nzuri. Ziko kwenye mkebe wake wa hesabu, pamoja na kompasi. Jumatatu nitaziomba nizipime.

Kiroboto #54
Leta mrejesho. Na muulize kama hajamgawia mtu.

Mtoto wa Bika #55
Nimemtumia ujumbe. Kagawa mbili. Kubwa.